Silinda ya Tatu

Asubuhi, ingali baridi, Pijo huamka vizuri.
Moja, tatu, nne, mbili.
Moja, tatu, nne, mbili,
kama mtu apandaye ngazi za kwake gizani.
Kisha sindano ya joto inainuka
na hapo ndipo inapoanza kuchechemea:
moja, . . . nne, mbili.
Moja, . . . nne, mbili.
Kioo cha kando kinatetemeka hadi Menengai nzima
inageuka ukungu ndani yake.

Wiki tatu nimeifungua na kuifunga hapa Kivumbini.
Layna mpya, pistoni mpya,
ringi zilizokuja na basi la usiku zimeviringishwa kwa gazeti.
Bi Tabutany ameniuliza mara moja tu:
"Itanifikisha Molo?"
Ni mkunga mstaafu. Amewahi kulala ndani ya gari hili
akimngoja mtoto aliyekataa kutoka.
Hanihimizi. Amekalia tairi kuukuu, anafuma sweta.

Basi nikaanza kuihoji.
Waya wa plagi ya kwanza nikauchomoa kwa koleo lenye mpira:
injini ikazama, ikalia. Vyema.
Wa nne, vivyo hivyo. Wa pili, vivyo hivyo.
Wa tatu, hakuna aliyeshtuka.
Ilikuwa kama kubisha kwa mtu aliyehama.

Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha waya.
Nikapaka maji ya sabuni kando ya manifoldi
nikitafuta inakoiba hewa; hakuna povu lililomezwa.
Kabureta nikaikaza, nikailegeza,
maana Nakuru hewa ni nyembamba na petroli huzidi upesi.
Wangondu, kijana wangu wa mkono, akasema ni distributa.
Kwa Wangondu kila kitu ni distributa,
hata mkewe akinuna.

Ndipo nikatoa noti ya hamsini
nikaishika mdomoni mwa bomba la moshi.
Ikapepea nje, nje, nje,
halafu ikanyonywa, tap! ikaganda kwenye chuma.
Nje, nje, nje. Ndani.
Injini haivuti pumzi kwa mkia
ila kuna mlango uliokataa kufungika.

Valvu ya kutolea moshi, silinda ya tatu.
Ikiwa baridi, inafunga. Chuma kikipata moto hurefuka,
na usipokiachia nafasi
kinajisimamisha chenyewe mlangoni.
Robo ya milimita, hayo tu ndiyo madai yake.
Nani aliipima? Mimi.

Nikakumbuka. Alhamisi stima ilipotea,
nikawa ninapima kwa tochi ya simu.
Ya kwanza, geji ikapita ikisugua kidogo.
Ya pili pia. Kisha simu ikalia,
na kwa kuwa simu ndiyo taa,
nilipoipokea mwanga wote ulikwenda sikioni.
Ni Khavere, dada yangu, kutoka Lugari:
shamba limepimwa upya, kaka yetu kasogeza jiwe la mpaka.
"Hatua tatu tu," akasema. "Mpigie, mzungumze."
Nikasema maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya mkunga.
Na mkono, kule gizani, uliendelea kukaza nati.

Nikaingoja ipoe. Nikafungua kifuniko.
Geji haikuingia hata ncha.
Nikalegeza, kidogo, kidogo tena,
hadi ule ubati mwembamba ukapita
ukinung'unika kiasi chake.

Jioni tukaipasha moto hadi feni ikavuma.
Moja, tatu, nne, mbili.
Bi Tabutany aliinua macho kwenye sweta,
akasikiliza vile asikilizavyo tumbo.
"Ilikuwa nini?"
"Niliibana."
"Eeh," akasema, akarudi kuhesabu mishono.

Noti ilibaki na duara jeusi la masizi.
Mwenye duka aliigeuza mara mbili
kabla ya kunipa kadi ya simu ya hamsini.
Nimeikwangua. Tarakimu zote zimetoka.
Bado sijapiga.
Wangondu anauliza kama sasa azime taa.
Nimemwambia aiache.