Namba 41,206

Walituambia atakuja bwana mmoja na masanduku.
Akaja mwanamke, Bi. Sidonia Akullo,
Mkuu wa Teknolojia na Habari wa serikali nzima,
viatu mkononi, maana ngazi za masijala
zilikuwa na maji.

Entebbe, mwezi wa visubi. Walijaa kwenye taa,
wakafa juu ya majalada, tukawafagia
pamoja na vumbi la wastaafu.

Mimi ni karani. Miaka thelathini na mmoja
nimejua jambo moja: rundo lina juu, lina chini.
Aliyekunja noti ndani ya barua nilimpandisha.
Aliyekuja na machozi matupu nilimwambia,
faili lako liko njiani.
Njia gani, hakuna aliyeuliza.

Yeye aliuliza.
Akavuta kiti kibovu, akataka kujua
kila jalada limelala wapi, tangu lini,
nani alilifunga kamba.
Hotuba hakutoa. Alikula chapati ya mayai juu ya gazeti
huku akiwaonyesha vijana wa skana
namna ya kunyoosha karatasi kuukuu isipasuke.

Siku ya tisa akanyamaza.
Okwir Yokana, mshika bendera, stesheni ya Lira.
Ombi la kiinua mgongo. Mhuri mwekundu: SUBIRI.
Pembeni, mwandiko wangu.

"Baba alisubiri," akasema. "Hata alipougua,
redio kifuani, akidhani watasoma majina."

Mkono wangu, unaojua njia,
uliinuka wenyewe ulipandishe.
Akanishika kifundo. Hakunibana; alinishika tu
kama mtu azuiaye mlango usigonge.
"Bwana Kyeyune, mahali pake ni wapi?"
Nikahesabu. Elfu arobaini na moja, mia mbili na sita.
"Basi likae hapo. Wako watu mbele yake."

Majalada mia tatu kwa siku. Nimepiga hesabu ukutani kwa chaki:
siku mia moja thelathini na nane.
Mashine haina juu, haina chini,
wala haina mfuko. Hilo limenikosesha usingizi.

Leo ni siku ya sitini na mbili. Umeme umekatika,
jenereta inakohoa uani.
Bi. Akullo yuko Kampala, kamati inamuuliza
fedha zimekwenda wapi, mbona hakuna cha kupigwa picha.

Mkononi nina jalada la mjane wa Kaabong.
Nimelikung'uta, kwa mazoea.
Halina kitu ndani.
Linaingia.