Asilimia Arobaini

Simu inasema mvua ni arobaini kwa mia.
Arobaini ya nini, haisemi.
Ya mji huu wa Otley, kwamba huku walowe
na kule waendelee kuanika nguo?
Au ya mwili wangu, toka kiunoni kushuka?
Muuzaji angenitajia bei namna hii
ningemwachia nyanya zake.

Saa moja kasorobo, nimesimama jikoni,
chini kaptura ya baiskeli, juu kanga,
nafungua programu ya pili, maana ya kwanza haikunipendeza.
Ya pili imechora wingu lenye matone mawili.
Mawili. Nayahesabu kama chenji.
Ya tatu ina jua, limechungulia nyuma ya wingu
kama mwenye deni.

Tulikotoka, dalili ya mvua ni mawingu,
na hilo lilitosha, mtu akaanua mtama.
Hapa mawingu si dalili ya kitu.
Yapo tu, kama paa.
Methali nilikuja nayo, imekosa kazi,
inashinda ndani na mimi.

Halafu upepo. Upepo ndio hasa.
Mvua hulowesha; upepo hudhalilisha.
Leo watoka magharibi,
kwa hiyo kwenda Askwith nitakwenda mbisho,
nimeinama kama anayetafuta sindano,
na kurudi nitasukumwa mgongoni
nijidanganye kwamba nina nguvu.

Na goti.
Goti la kushoto lina skrubu mbili
tangu Januari ya juzi, barafu ya darajani.
Ilikuwa imetabiriwa. Siku ile sikutazama,
niliondoka nikipiga mluzi.
Sasa ndilo kituo changu cha hali ya hewa,
na leo, nikilihitaji, limenyamaza.

Dirishani namwona Bwana Ackroyd, miaka sabini na minane,
anatoa bandani baiskeli yake ya kijani,
kiti amekivisha mfuko wa mkate.
Hatazami juu. Simu hana.
Nafungua dirisha: "Itanyesha leo?"
Anafikiri, kwa heshima ya swali.
"Wakati fulani," anasema, anakwenda zake.

Kando ya chupa ya pilipili lipo daftari
aliloniagiza mtaalamu wa viungo, tuone maendeleo.
Tarehe 3: sikwenda, mawingu.
Tarehe 4: sikwenda, upepo.
Tarehe 10: sikwenda, palikuwa pazuri mno, nikashuku.
Tarehe 17: sikwenda.

Hiyo ya mwisho naisoma tena.
Haina hata sababu.

Koti la mvua naliacha, nalirudia,
naliacha, nalirudia.
Simu naiweka kifudifudi mezani, ijitabirie.

Darajani nilishuka. Aprili, hakuna barafu,
nikaisukuma baiskeli hadi ng'ambo
kama mtu anayemvusha mgonjwa.

Na ilinyesha, nisikufiche.
Ilinikuta nimeshapita Askwith, pasipo mti wala kibanda,
kondoo wakinitazama kama nimewaletea wao.
Si rasharasha, si manyunyu:
mvua iliyoanzia shingoni, ikashuka kwa mpango,
viatu ikavijaza vyote viwili, haikupendelea.
Nikageuza. Nikakaza macho kutafuta njia ndani ya maji,
nikanyonga, nikatukana, nikanyonga,
na nilipokuja kutambua niko wapi
daraja lilikuwa nyuma yangu,
nami niko juu ya kiti.

Sasa natona vigaeni,
soksi zinalia kila nikihamisha mguu.
Nageuza simu:
Otley, kavu hadi jioni.
Nacheka mpaka goti linauliza kuna nini.

Wino unatambaa kwenye karatasi iliyolowa,
lakini utasomeka:
Tarehe 24. Mvua. Nilikwenda.