Matundu Matano

Walinikabidhi rivolva pamoja na koti la mvua
na daftari la zamu linalonuka mafuta ya taa.
"Hii," meneja akasema, "ndiyo iliyomshinda Kikoti."
Akacheka. Makarani wakacheka.
Nikatia saini.

Mafinga nzima ilijua habari yake:
usiku wa malipo ya pareto, mwizi akipanda ukuta wa ghala,
Kikoti akalenga paja,
risasi ikala tofali, chini, kushoto,
na mwizi akashukia upande wa pili na mfuko.
"Mkono wa ulanzi huo," wakasema,
na kwa kuwa ulikuwa msimu wa ulanzi,
na Kikoti ni mtu wa kucheka kwa sauti,
hakuna aliyeuliza zaidi.

Tofali lile liko hapo hadi leo.
Kila zamu nalipita na tochi.

Juni, kwenye shimo la moramu nyuma ya mipaini,
ukungu umelala chini kama ng'ombe aliyegoma kuamka,
afande wa kibali kasimama kando, viganja kwapani.
Nikabandika karatasi. Nikahesabu hatua kumi na tano.
Nikaegemeza mikono juu ya gunia la mchanga
nikapiga tano, polepole, kila moja na pumzi yake.

Ndani ya duara, hakuna kitu.
Chini, kushoto, nje kabisa ya wino,
matundu matano yamebanana
kama punje za kunde katika ganda moja.
Kizibo cha soda kingeyafunika yote.

Sasa fikiri nami.
Mkono uliolewa hutapanya,
hurusha moja mbinguni, moja kwa jirani.
Hizi hazikutapanyika. Hizi zilitii,
zikaenda palepale zilipotumwa.
Aliyezituma ndiye aliyedanganywa,
na ukucha wa chuma
ulioota mrefu mno kwenye mdomo wa bastola.

Ile ncha ya mbele ina ukaidi wake:
ukitaka risasi ipande, ncha ishuke;
ukitaka risasi irudi kulia, ncha ihamie kushoto,
yaani, ilifuate kosa kule kule lilikokimbilia.
Sikuielewa mara moja.
Nililala nayo usiku mzima, kijiti cha kiberiti mbele,
pengo la kitana kilichong'oka jino nyuma,
jicho moja limefumbwa, mume wangu akiuliza
kama nimeanza kurogwa.

Nikaazima tupa kwa Tweve anayenoa misumeno.
"Taratibu," akaniambia, "chuma si ugali,
kwamba ukizidisha maji utaongeza unga."
Mikwaruzo mitatu juu. Mmoja ubavuni, kulia.
Nikapiga. Yamepanda kidogo.
Mitatu tena. Nikapiga. Afande akatazama saa.
Mmoja tena, mwepesi, kama unayefuta jicho la mtoto,
na vumbi lililobaki kwenye kidole changu
halikutosha hata kuitwa vumbi.

Matano ya mwisho yaliingia kati.
Afande akapiga mluzi. Nikampa hiyo karatasi, akaionyeshe.
Ile ya kwanza nikaikunja, nikaitia kifuani.

Kikoti anauza viazi Nyololo, kando ya barabara kuu.
Sikujua nianze vipi, nikaitandaza tu juu ya gunia.
Aliitazama kwa muda wa malori mawili kupita.
Kisha akaweka kidole gumba juu ya matundu
na kidole kikayameza yote.
Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake.

"Kilo ngapi?" akauliza.
"Tano."
Kwenye mkono mmoja wa mizani yake
amefunga kijiwe kwa waya, ukae sawa na mwenzake.
Akaona ninakitazama.
"Niliinunua hivi hivi, imepinda," akasema.
"Ilikuwa inawapunja watu,
na wao wananiangalia mimi."