Sampuli

Sindano kumi na moja, kila saa tatu usiku,
chupa ndani ya temosi, barafu ya kununua
kwa Mama Feza muuza bia,
maana umeme wa Katuba hauna adabu.
Monga ndiye aliyenichoma. Mkono wake, uliozoea nyundo,
ulijifunza kubana ngozi ya tumbo taratibu,
kama anayeokota unyoya.
Nikavimba. Nikalia bila msiba.
Dada zake wakanitazama kiuno, wakatabasamu mapema.

Kwenye skrini, vyumba vyeusi vilibanana
kama sega la nyuki wa porini.
Kumi na saba! Nilihesabu kwa sauti,
nikajiona tajiri.

Siku ya tatu Bi Numbi wa maabara akapiga simu.
Alisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji:
mayai kumi na saba yaliyotoka,
kumi na moja yaliyokomaa,
sita yaliyopokea mbegu.
Yaliyogawanyika vizuri, seli nane, zimelingana:
mawili.
Mengine yamemeguka, makombo ya mkate.
"Dawa iliita kwa sauti kubwa," akasema,
"na si wote walioitika waliokuwa tayari."
Hata yale mawili hayakushika.

Monga, mchukua sampuli kwenye mtambo wa shaba
miaka kumi na minne,
hakuniambia pole. Aliniambia:
"Lori likifika limejaa mawe ya kijani, watu hupiga makofi.
Mimi husaga kiganja kimoja, nikapima.
Rangi haiyeyuki."

Mara ya pili walipunguza dozi.
Mayai manne. Dada zake hatukuwaambia.
Kiinitete kimoja, daraja la pili.

La pili!
Nilitaka kumuuliza Bi Numbi nani hutoa maksi huko,
mimi niliyezaliwa wa miezi saba,
nikalazwa ndani ya boksi la viatu kando ya mbabula,
na hakuna aliyenipa daraja.
Sikumuuliza hilo.
Niliuliza kama wana jenereta.

Usiku huo umeme ukakatika, Katuba mpaka mjini.
Monga akavaa viatu, hakusema tunakwenda wapi.
Tukatembea, vumbi la Septemba midomoni,
tukasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kliniki,
kama wezi wasiojua wanachotaka.
Tukaisikia nyuma ya ukuta
ikinguruma,
ikakohoa kidogo — akanishika mkono —
ikanguruma.