Choo cha Nne

Mkaguzi kutoka Charlotte ameandika:
vyoo vinne, vitatu vibovu.
Taa za kona ya pili zimekufa.
Njia ya kuingilia ni moja, na leo ina ng'ombe.

Wilodean Stroud, mshika funguo, habishi.
Anamwonyesha ukuta wa zege,
michubuko ya rangi tangu enzi za babake,
nyekundu juu ya buluu juu ya nyeupe:
kila aliyedhani kona hii ni mteremko.

"Mbio za ligi kuu zinataka maegesho."
"Kweli. Na vyoo."

Mpwa wake anawasha gari lisilo na vioo.
Kutoka kwenye lami iliyopasuka
mtetemo unapanda magotini, mbavuni.
Kizuri chajiuza; hiki hakijui bei yake.

Mkaguzi amefunga daftari.
Anauliza, choo kizima ni kipi.

"Kile chenye mlango."