Nusu Kaputi

Nusu kaputi, ndivyo tulivyoiita,
jina tulilorithi kwa Wajerumani
pamoja na kengele na reli.
Daktari Apaikunda hakulipenda.
"Nusu hiyo nyingine ndiyo kazi yenu," alituambia.
"Ishikeni."

Kibosho, masika, barabara imekatika darajani.
Yeye peke yake: mkunga, mpasuaji, mtoa usingizi,
na mikono ni miwili tu.
Ndipo akanichukua mimi, Kiria, mpiga pasi wa mashuka,
akanipa chujio la chai lililofungwa shashi
na kichupa cha etha.
Wiki tatu nilidondosha maji matupu juu ya chujio hilo
yeye akisikiliza, macho kayafumba.
Tone likiwahi, alikohoa.
Likichelewa, alikohoa.

Mgonjwa wangu wa kwanza, Ndeonansia.
Siku mbili za uchungu, mtoto amekaa kitako
kama mzee aliyegoma kuhama shambani.
Kuhesabu hakujua. Daktari akainama:
"Mama, nitajie ndizi za kihambani kwenu."
Mchare, akasema.
Tone.
Mraru. Tone.
Ndishi. Tone, tone. Mlali.
Kisu—
na hapo kisu kikaingia.

Tumbo sikulitazama. Nilikatazwa.
Nilitazama kope, kucha,
mshipa wa shingo chini ya kidole changu,
maji ya mfongo usiku:
huyaoni, lakini unajua yanakwenda.

Kisha yakapungua.

"Daktari."
"Ondoa chujio. Mpe hewa. Msubiri."
Hakuinua kichwa, hakupandisha sauti.
Nikamsubiri.
Sijawahi kumsubiri mtu vile,
hata mke wangu.

Yakarudi.
Mtoto alilia kabla sijajua kwamba na mimi nalia.

Miaka ikapita, wakaja wenye mashine na vyeti,
wakaandika habari za marovu
aliyoyatoa shingoni mwa nusu ya mlima,
za mshono wake mfupi wa chini,
za akina mama waliorudi nyumbani kwa miguu yao.
Habari za chujio hawakuuliza.
Ninalo. Chai sichujii.

Na Ndeonansia?
Alizinduka jioni, akatapika,
akalamba midomo, akatutazama mmoja mmoja
kama tuliomkatiza mazungumzo,
akamalizia:
"—kari."

Halafu akauliza kama mtori umeiva.