Shuka Hukunjwa na Wawili

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili.
Wewe pembe mbili, mimi pembe mbili,
tunalinyoosha, tunalikung'uta,
kisha tunasogeleana mpaka vidole viguse.
Miaka kumi na mmoja nimegusana vidole na Wiesława
kwenye kiwanda cha kufulia, mjini Łódź,
mara mia nne kwa zamu.

Machi ile mifuko ya manjano iliongezeka.
Ilifika bado ina joto.
Barakoa zetu za karatasi, moja kwa wiki;
yangu niliianika jikoni juu ya birika
kama majani ya chai ya kutumia tena.

Wiesława aliuliza. Akaambiwa subiri.
Akauliza kwa maandishi. Akaambiwa wewe nani.
Basi Alhamisi, saa ya mapumziko,
wakatoka wanane uani,
wakachora kwa chaki miduara minane kwenye lami,
hatua tatu baina ya mtu na mtu,
wakasimama humo na kipande cha shuka kuukuu:
TUNAFUA VIFO VYENU. TUPENI GLAVU.

Dakika ishirini.
Mimi sikutoka.
Nilikuwa dirishani na deni langu la friji,
kioo kimejaa mvuke.
Nilikipangusa mara moja tu.

Jumatatu, barua: ameachishwa kazi
kwa kukusanyika kinyume cha kanuni za afya
na kuhatarisha wenzake.
Bwana Rękawek aliisoma nyuma ya kioo kipya,
alichowekewa yeye peke yake,
kisha akaturudisha ndani,
wawili wawili, shuka moja.

Wiesława hakupiga kelele.
Alichukua kandambili, kikombe, picha ya mjukuu.
Alipofika mlangoni aliviweka chini,
akainua mikono mitupu, akaitanua,
kama mtu aliyeshika pembe mbili.
Nikatazama sakafu.

Sasa ni Novemba. Mahakama ya kazi inaniita shahidi.
Barua iko chini ya bakuli la sukari.
Zbyszek anasema kimya hakijamfukuzisha mtu kazi.
Anakoroga chai yake, bakuli halisogezi.

Kazini nimepewa mwenzi mpya: msumari ukutani.
Natundika pembe mbili, narudi nyuma, navuta.
Msumari hauji kukupokea.

Wataniuliza, walisimama karibu kiasi gani?
Chaki ilifutwa na mvua ya Mei
lakini macho yangu yalipima.
Urefu wa shuka, waheshimiwa, na zaidi.
Mbali kuliko mlivyowahi kutuweka.

Hivyo ndivyo nitakavyosema,
nikienda.